Kidole Gumba cha Ghita

Mikate miwili ya sukari ngumu, iliyofungwa kwa karatasi ya buluu na kamba, ilikuwa rafuni tangu Jumatatu. Mama wa kijana mmoja wa mji wa Meknes aliileta mwenyewe kumposea mwanawe, akasema atarudi Jumamosi: akikuta karatasi imefunguliwa, harusi ipo, akiikuta ilivyo, atabeba sukari yake aende zake. Ghita, mwenye miaka ishirini na saba, aliipangusa vumbi kila asubuhi huku akihesabu siku.

Baba yake, fundi Tuhami, alikwisha wakataa wachumba watatu. Wa kwanza anavuta sigara, wa pili mama yake ana mdomo, wa tatu eti anatembea kama bata. Visingizio vitupu! Ghita aliijua sababu, na sababu ilikuwa kidole chake yeye.

Tuhami alisimamia shimo la njiwa kwenye mashimo ya kutengenezea ngozi mjini Fes. Ngozi za mbuzi zikitoka kwenye chokaa huwa zimevimba na kukakamaa. Huzamishwa katika maji yaliyokorogwa kinyesi cha njiwa, na vimeng'enya vilivyomo hula ule ukakamavu. Fundi hubonyeza kwa kidole gumba. Alama ikirudi juu, bado. Ikibaki, toa upesi uoshe, maana ukichelewa nusu siku utaopoa uji. Sasa, chokaa ilikwisha kuvitia ganzi vidole vya Tuhami miaka minne nyuma. Kidole chenye ganzi hubonyeza kwa nguvu mno, hivyo kwake kila ngozi ilibaki na alama. Akawa analeta ngozi moja nyumbani kikapuni, kaifunika mnanaa. Ghita anabonyeza jikoni, sifa anapewa baba.

Jumatano akaja tena na kikapu.

"Baba, si uchukue ule unga wa kopo?" Ghita akamwambia. "Ni vimeng'enya hivyohivyo. Unapima, unatazama saa, basi. Huhitaji kidole cha mtu."

"Unga? Kwani mimi naoka mkate?"

"Na watu wa Meknes?"

"Meknes mbali, mwanangu. Haya, bonyeza."

Akabonyeza. Alama ilibaki, haikurudi hata kidogo. Hasira ya miaka minne ikampanda.

"Bado," akasema. "Mpaka kesho."

Ngozi zikioza, baba atanyang'anywa shimo, na asiye na shimo hana haja ya kidole cha bintiye. Lakini alipopanda darini alimwona baba kule chini mashimoni, kaketi ukingoni, anakunywa chai yake taratibu, hana wasiwasi wowote. Alikuwa amemwamini. Ghita akajitukana, akavuta mtandio, akashuka mbio.

Mwanamke hashuki mashimoni. Wanaume waliozama kwenye rangi hadi mapajani wakaacha kazi, wakamgeukia.

"Baba, zitoe! Nimekudanganya, ziko tayari!"

Ngozi arobaini zikaokolewa. Buazza, mkuu wa mafundi, akabonyeza moja, akamtazama Tuhami, kisha binti, akaangua kicheko.

"Kumbe fundi ndiye huyu! Na wewe Tuhami, miaka yote hii mbeba kikapu tu?" Halafu kicheko kikamwisha. "Sikiliza, mzee wangu. Shimo ni lako maadamu Bi Ghita yuko nyumbani kwako. Akiondoka, utatupisha."

Tuhami hakuinua uso. Aliendelea kuosha ngozi iliyokwisha takata. Ghita alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kujifungulia mlango wa kuolewa, akautia komeo kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi baba akaja na kikapu. Mnanaa hakuweka. Amfiche nani tena?

"Baba, yule mama anakuja saa saba," Ghita akasema. "Nifungue karatasi?"

Tuhami akatazama rafu, akatazama vidole vyake. Kisha akausogeza mkono wenye kikapu.

"Bonyeza kwanza, mwanangu."

Akabonyeza.

"Tayari."

Baba akatoka mbio kwenda kuziopoa ngozi. Ghita akabaki amesimama jikoni, kidole kinanuka njiwa, akimngoja arudi na jibu. Saa saba mama wa kijana alifika, baba hajarudi, akakuta kamba haijakatwa, akaibeba sukari yake.