Salamu Zilipopanda Treni

Sisi tuliokulia Tabora miaka ile ya Ujamaa tunajua simu ilivyoingia kazini, maana tuliiona ikiingia. Kabla yake, baba yangu, msimamizi wa ghala la asali la ushirika, alipata habari za biashara kwa treni. Babu mzaa mama alinunua asali ya wanavijiji kule Tura. Ikitimia alimwambia gadi wa treni, gadi akamwambia baba, ndipo baba akaomba behewa. Mpaka behewa lifike Tura, madebe yameshavuja na nyuki wametanda stesheni. Sisi watoto tukiwa huko likizo tulilamba vidole vikinuka moshi.

Wakubwa wa ushirika wakafunga simu, moja ghalani, moja Tura. Wakasema kazi isipokwenda mbio, kituo cha Tura kinafungwa. Yaani babu hana kazi.

Siku ya kwanza baba alipiga amesimama wima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," akaongeza salamu ya Kinyamwezi. "Watoto wameamkaje? Mama yao, ule mguu unaendeleaje? Mvua huko?"

Nani angemkatiza mkwe wake? Asali haijatajwa, dada wa mitambo, aliyetuunganishia simu, akasema dakika tatu zimekwisha, laini ikakatika. Ikawa hivyo wiki nzima. Madebe yanavuja kama kawaida, na ghalani watu wanacheka chinichini.

Dawa aliitoa mama. "Salamu ziende na treni kama zamani. Kwenye simu semeni asali tu."

Babu alinuna, akakubali. Na kweli, kazi ilibadilika. Babu alisema "Tayari," baba akasema "Behewa kesho," basi. Madebe yakaacha kuvuja, wanavijiji wakaleta asali zaidi, kituo kikabaki. Sisi tukakosa cha kulamba. Gadi alipita nyumbani jioni na salamu zote, tukazisikiliza huku tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha.

Siku moja babu alisema "Tayari" kwa sauti ya chini. Baba akamjibu behewa kesho, akakata simu. Kesho yake jioni gadi alikuja, akakataa chai.

"Mzee anawasalimu. Anasema kifua kimembana tangu juzi, anaomba binti yake aende."

Mama alipanda treni iliyofuata. Alikuta watu wanarudi kutoka makaburini.

Hakumlaumu mtu, wala simu haikung'olewa. Ushirika ulifanya vizuri sana miaka ile, siwezi kusema uongo.

Leo wajukuu wangu wana simu mfukoni, wala hakuna dada wa kuwakatia. Wakipiga, hata shikamoo hawamalizi: "Shkamoo babu, naomba vocha." Nikiuliza wameamkaje, na mama yao je, wanaguna kwamba babu ana maneno mengi, wao wako bize. Vocha nitatuma. Kwanza nataka niisikie ile sauti, nijue kama iko chini.