Zulia Alilokuja Nalo Bibi

Juzi, katika duka moja la mazulia kule Saint Louis Park, harufu ya sufu iliyopata joto la hita ilinipanda puani, na uso ukaniwaka kwa aibu kama siku ile nilipokuwa na miaka tisa, sebuleni kwetu Frogtown, huku Marekani.

Bibi, mzaa baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Wenzake huleta achari na halua. Yeye alikuja na robota la zulia la Kiajemi la marehemu babu, jekundu, lenye bustani na mifereji ya buluu. Baba alilitandika, akaalika watu waje kunywa kahawa walione.

Miongoni mwao alikuwamo jirani yetu Mzee Farhad, Mwajemi aliyezaliwa katika nyumba ya wafumaji. Alitueleza kwamba watu wa nchi kame walifuma bustani ili maji yasikauke nyumbani mwao hata kiangazi, na kwamba wasichana walifunga fundo moja moja, zulia moja likala miaka. Tulimsikiliza vinywa wazi. Kisha akapindua pembe atuonyeshe mafundo, akaisogeza karibu na macho.

“Rafiki yangu,” alimwambia Baba polepole, kwa Kiingereza, “hili ni la mashine. Hata matamvua yameshonewa.”

Wageni wote walielewa, wakainamia vikombe vyao. Bibi peke yake hakujua Kiingereza.

“Anasemaje?”

“Anasema, Mama, waliolifuma walikuwa na mikono ya baraka.”

“Alhamdulillahi,” alijibu Bibi, macho chini.

Nilitamani sakafu inimeze. Baba, aliyetufundisha kuwa uongo unanuka, alimdanganya mama yake mbele za watu, nao wakamwonea huruma. Kwa muda mrefu sikuweza kumtazama Baba usoni.

Bibi alipofariki, shangazi alinieleza: zulia la asili liliuzwa zamani, Baba apate nauli ya kuja Marekani. Bibi akatafuta lililofanana nalo, mwanawe asijue kilichotoka nyumbani kwa ajili yake.

Nilimpelekea Baba habari hiyo nikidhani namfumbua macho. Tulikuwa garini, yeye ana-drive.

“Nilijua tangu nilipolikunjua,” alisema. “Lile la kwanza nimetambaa juu yake. Sasa ulitaka nimvue mama yangu nguo mbele za wageni?”

Niligeukia dirishani, na aibu niliyomwonea miaka yote ile ikawa yangu.