Nafasi ya Waitikiaji

Jirani yangu hapa Granville, Anicet, hufanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Port Botany, na ukiiona mikono yake huwezi kudhani inajua kushika kitu laini. Lakini selo, ile fidla kubwa ya kukumbatiwa kwa magoti, alifundishwa na mapadri Bukavu, na hata ukimbizini hakuisahau.

Mkewe, Cécile, alikuwa akihudumia wazee. Mmoja wao alikuwa Sista Attracta, mtawa kutoka Ireland, ambaye mwaka wa pili wa korona alikuwa na hofu moja tu: kuzikwa kimya. Kwao, maombolezo ya Bikira Maria chini ya msalaba huimbwa na mwanamke mmoja, wengine wakiitikia kila ubeti. Sasa kuimba mazishini kulikatazwa. Basi aliyaimba kwenye simu ya Cécile, sauti ikikwaruza, ili Anicet ayapange yapigwe kwa selo peke yake.

Anicet aliyapanga: mwimbaji kwenye uzi mwembamba, waitikiaji kwenye uzi mnene. Sista akaomba ayasikie yote akiwa hai.

"Hapana," alisema Cécile. "Kwetu hatulilie mutu angali muzima. Ni kuita kifo."

Kwa hiyo, ili yasiwe maombolezo kamili, Anicet alifanya mazoezi bila maitikio: ubeti, kimya, ubeti. Mimi si mwoga, lakini nilijikuta nimezima redio kwangu, nangoja maitikio. Alipompigia Sista selo akiwa nje ya dirisha lake, Sista aliuliza waitikiaji wako wapi.

"Watakuja, Sista," akamjibu.

Sista alifariki Agosti, ambayo huku ni majira ya baridi. Niliwapeleka Anicet na Cécile makaburini kwa gari. Tuliruhusiwa watu kumi, tukasimama mbalimbali, barakoa usoni. Anicet alikusudia kupiga yote, lakini ubeti wa kwanza ulipoisha mkono ukasimama wenyewe, kwa mazoea. Niliona aibu kwa niaba yake.

Ndipo wakaitikia. Zilikuwa sauti za wanawake, za chini, nyingi kuliko sisi. Nilitazama barakoa moja baada ya nyingine, hakuna iliyotikisika. Upinde wa selo ulikuwa bado hewani. Cécile alinijia, akanishika mkono mpaka ukauma. Anicet alitokwa jasho katika baridi ile, lakini kila ubeti aliwaachia nafasi, na kila ubeti wakaitikia.

Nyumbani Anicet alichukua kifutio, akafuta kwenye karatasi yake ya muziki sehemu yote ya uzi mnene.

"Hii si yangu ya kupiga," alisema.

Siku hizi akianza kuyapiga, Cécile hutoka nje, nami huongeza sauti ya redio kabla ubeti haujaisha.