Nakala ya Nne ya Tangazo

Ninazo bado nakala tatu za tangazo la kifo cha kaka yangu. Ya kwanza nimekata jina la kijiji na kuliandika tena juu yake. Ya pili ina alama ya kidole chenye wino. Ya tatu sioni kasoro yake, na sikumbuki kwa nini niliikataa. Ya nne ndiyo iliyosomwa redioni.

Kaka alikuwa dereva msaidizi wa treni ya mizigo huko bara. Kabla ya hapo alikuwa mchukuzi bandarini Malindi, hapa hapa mjini kwetu. Alipopata kazi ile ya treni tulikwenda kijijini Uroa kumuaga Bibi, mama yake baba, aliyemlea tangu mchanga kwa sababu mama aliumwa sana baada ya kumzaa. Bibi hajawahi kuona treni, akataka aelezwe. Kaka akamwambia achukue nyumba zote za Uroa, azifunge kamba moja nyuma ya nyingine, halafu azikokote.

"Na wewe ndiye punda?" Bibi akauliza.

Bibi alikuwa akimwita kaka mume wake mkubwa, na mimi mume wake mdogo. Alisema mume mkubwa kapata kazi ya punda, basi itabidi amtegemee mdogo, na mdogo kazi yake karatasi.

Ni kweli, kazi yangu ni karatasi. Skuli niliacha kidato cha pili. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili barua za watu na magazeti ya zamani, mpaka majirani wa mtaani kwetu Mji Mkongwe wakaanza kuniletea maombi ya kazi na matangazo yao ya vifo. Lakini kwa kuwa sikufundishwa na mtu, kila nikishika kalamu nahisi yupo mtu nyuma yangu anangoja nikosee. Mstari ukiharibika siwezi kuukata tu. Naanza ukurasa upya. Kaka alikuwa akinicheka. Alisema malaika akija kunichukua nitamwambia asubiri, ninanakili.

Treni mbili za mizigo ziligongana karibu na stesheni ndogo. Moja ilikuwa imesimama ikisubiri kupishana. Ya kaka ikaingia kwenye reli ile ile. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa, na mpaka leo sijaelewa zaidi ya hapo. Picha zilitufikia kwenye simu kabla ya habari: mabehewa yamepandana, ngano imemwagika chini, watu wanaichota kwa ndoo. Nilizikuza moja moja nikitafuta mkono wake. Magharibi tukaambiwa yuko hospitali, anapumua. Ami, mdogo wake marehemu baba, akasema Bibi asiambiwe kitu mpaka tujue moja.

Baada ya sala ya alfajiri simu ikalia. Alikuwa amefariki. Jamaa wa huko walikwisha kumwosha na kumkafini, na angeletwa kwa boti ya asubuhi, asaliwe adhuhuri, azikwe. Ami akapiga simu Uroa kwa jirani yake Bibi. Haikupokelewa. Ilikuwa bamvua, maji yanakupwa mbali, na wanawake wote walikuwa wamekwenda kwenye mwani wao na simu wameziacha majumbani. Lakini Bibi huwa na redio yake ndogo, huifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuitundika kwenye kigingi huku akikata mwani. Taarifa za vifo, za saa nne na za saa saba, hazimpiti. Akisikia saa nne, angefika mjini kabla ya adhuhuri.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Bibi kama wa kumuona mjukuu wake, ni nyumbani, kabla jeneza halijatoka. Baada ya hapo basi.

"Andika upeleke redioni," Ami aliniambia. "Mistari michache tu."

Nilikaa chumbani saa moja na nusu. Jamaa wanapangwa kwa utaratibu kwenye tangazo, na mtu akitajwa nyuma ya anayemzidi kwa umri, maneno hayeshi mpaka arubaini. Nikampanga ami yetu mwingine, wa Malindi, nikamtoa, nikamrudisha. Nikaandika kwamba amefariki kwa ajali, nikaona haitoshi, nikaandika ajali ya treni, nikaona watu watashangaa, kisiwani hapa hapana treni. Nilitaka liwe tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilikuwa nalia, na machozi yalipoangukia karatasi niliona karatasi imeharibika. Nikachukua nyingine.

Nilifika kituoni saa nne na dakika saba. Mama aliyepokea matangazo alilisoma lote, akanipa pole, akasema litasomwa saa saba. Nikamwambia saa saba tutakuwa tumeshazika.

"Mwanangu," akasema, "ungenisomea kwa simu ningeandika mimi."

Hakusema kwa ubaya. Nilisimama pale nje nikipiga hesabu: nikiazima vespa nifike Uroa saa tano na kitu, nimtafute majini, nirudi naye. Nilipiga hesabu mara mbili kuhakikisha, na muda wenyewe ukapita kwenye hesabu.

Nyumbani niliwaambia kituoni kulikuwa na foleni. Ami alipiga tena simu Uroa, akakata. Ningemwomba asubiri mpaka alasiri. Pengine angekataa, kwani maiti hacheleweshwi, lakini ningemwomba. Ila ningeomba angeniuliza kwa nini, na mimi ningelazimika kusema nilikuwa nikinakili. Nikanyamaza. Uso ukafunuliwa, mama akamuona, shangazi wakamuona, nami nikamuona. Jeneza likatoka.

Bibi alifika alasiri, kanga yake chini bado mbichi, miguu ina mchanga mweupe wa Uroa. Alilisikia la saa saba akiwa anaanika mwani. Hakupiga kelele. Aliingia mpaka chumba alicholazwa kaka, akautazama mkeka mtupu, akakaa. Nilipokwenda kumshika mkono na kumwamkia, aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, halafu akasema:

"Nimelisikia tangazo. Nimejua tu ni wewe uliyeandika. Zuri."

Tangu siku ile sijaweza kumwandikia mtu tangazo. Mtaani wanadhani ni majonzi.

Baada ya arubaini nilikwenda Uroa. Bibi alikuwa barazani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba, nikakaa nikamsaidia, vibaya. Nikamwambia yote: nakala nne, saa moja na nusu, foleni ambayo haikuwepo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yakatoka ovyo. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Wewe ulimuona uso?" akauliza.

Nikasema nilimuona. Nikaanza kumwambia kwamba alikuwa kama amelala, ametulia, uso una nuru.

"Usinipambie," akasema. "Niambie ulivyomuona."

Basi nikamwambia. Kwamba upande wa kushoto waliuziba kwa pamba na hatukuufunua. Kwamba mdomo ulikuwa wazi kidogo na jino lake lililopinda lilionekana. Kwamba kwenye nyusi ya kulia kulikuwa na weusi wa grisi ambao walioosha hawakuweza kuutoa. Nilikosea, nikarudi nyuma, nikasema kitu kimoja mara mbili.

"Na kovu la kigingi? Hapa?" Aligusa paji lake mwenyewe, pale kaka alipojigonga utotoni kwenye kigingi cha mwani.

"Lilikuwepo, Bibi."

"Wazi?"

"Wazi."

Alikaa na kidole chake pale pale kwenye paji. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

"Haya," akasema baadaye. "Nshamuona."

Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Alinisogezea kamba yangu, akafungua mafundo niliyofunga, yote, moja moja, akaniambia nianze tena.