Ukuta wa Viatu vya Kushoto

Ukiingia kwetu, sebule huioni. Unaona ukuta wa viatu. Vimepangwa kwenye rafu kutoka chini mpaka karibu na dari: vyekundu, vya kahawia, vya kamba, vya kisigino, na kusema kweli vinapendeza. Mume wangu ndiye anayevishona, na ana mkono wa kazi. Kinachonitoa roho ni kwamba vyote ni vya mguu wa kushoto.

Cheka tu. Hata mimi mwanzoni nilicheka.

Kazi alijifunza kwa fundi mmoja mzee, ambaye dirishani aliweka kiatu kimoja kimoja ili mwizi akivunja kioo asiambulie kitu. Cha pili kilikuwa stoo. Mume wangu akajifunza dirisha, stoo hakujifunza. Alipoondoka kwa yule mzee ili aanze kazi yake mwenyewe, akasema atatengeneza sampuli tu, oda ikija atashona pea nzima. Ngozi ya pea moja inatoa sampuli mbili, akaniambia, na mimi nikaona ana akili. Oda ikawa ya kusubiriwa, na mpaka leo tunaisubiri.

Mtaani wanamwita Mkurugenzi. Wanamdhihaki, naye anaitika. Ukimkuta kazini ataitoa misumari mdomoni kwanza, akueleze kiwanda chake: mashine zitakaa wapi, wabandika soli watakaa wapi, hata geti litafungukia upande gani. Jirani akimletea kandambili iliyokatika, anamjibu kwamba kiwanda hakishoni kandambili. Mimi niko jikoni nasikia, nimeshika sufuria, natamani nimrushie.

"Kizuri chajiuza, mama watoto," huniambia.

"Vyajiuza vikiwa viwili," namjibu, naye ananitazama kama nimemtukania mama yake.

Nisiwe mwongo lakini. Hiyo imani yake ndiyo niliyoipenda. Vijana wenzake walikuwa wakizunguka kuomba kazi, yeye akisema watu watakuja kuomba kwake. Nikajua huyu hatalala njaa. Kumbe mtu anaweza kushiba matumaini peke yake, waliobaki mezani wakamtazama.

Mimi hushona mapazia, na mteja wangu mkubwa ni dada mmoja mwenye duka la nguo pale barabarani. Siku moja nikamvuta mpaka nyumbani aje aone. Alisimama mbele ya ule ukuta, mkono mdomoni. Akachagua chekundu cha kamba nyembamba, akakaa kwenye kiti, akakivaa, akageuza mguu huku na huku.

"Cha pili kiko wapi?"

Mume wangu akaniwahi. "Hiyo ni sampuli, dada. Wewe sema tu unataka pea ngapi."

"Nataka cha pili," akasema. "Mteja wangu hanunui maneno, kaka. Nina rafu moja wazi, ya chini kabisa karibu na mlango. Jumamosi niletee pea, hata moja tu. Usipoleta, nampa muuza mikoba."

Alipoondoka, mume wangu akanuna. Eti yeye aanzie rafu ya chini, watu wampige mateke.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamwambia.

"Mimi sitaki cha mvunguni."

Hata hivyo wiki ile nyundo ililia kila siku, nikafurahi kimoyomoyo. Nikajisemea amesikia, nisimsumbue. Ijumaa nikampelekea chai, nikakuta mezani kiatu kipya, cheusi, mshono mwembamba mpaka huuoni. Kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Cha kushoto.

"Akikiona hiki," akaniambia, macho yanang'aa, "atanipa rafu ya juu."

Niliishiwa nguvu hata za kugomba. Nikavua kandambili yangu moja, nikatwaa kile chekundu, nikakivaa na kutembea nacho mle ndani, mguu mmoja juu, mwingine chini.

"Kinabana," nikasema.

"Kinabana wapi?"

"Kidole cha mwisho."

"Mguu wako mpana."

"Mguu wangu ndio mteja."

Akageukia kile cheusi chake. Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira zikanipanda upya. Viatu vile hakuna aliyewahi kutembea navyo. Kimoja hakiendi popote. Kila aliyekuja alisifu akaenda zake, na mume wangu akawa anaishi kwa sifa, kwa kuwa hakuna wa kurudi kumwambia hakifai.

"Unaogopa," nikamwambia. "Kujiamini kwako kunaishia mlangoni. Miaka yote unatulisha sifa za watu kwa kuogopa neno moja, kinabana. Haya, nimelisema. Umekufa?"

Nilimwachia chai yake, nikaenda chumbani kulia, na yalikuwa machozi ya hasira, si ya huruma.

Asubuhi nilikuta chekundu kimetanuliwa kwenye ule mguu wa mti anaoshonea, na pembeni yake cha kulia, kinanuka gundi. Alikuwa amekaa anavitazama kama watu wanaomdai. Tukavipeleka. Dada mwenye duka akaviweka rafu ya chini, akaendelea na shughuli zake. Mimi nikarudi kwenye mapazia yangu. Mkurugenzi hakurudi. Alivuka barabara, akasimama ng'ambo kutwa nzima, akiutazama mlango wa duka.

Alirudi jioni, uso umemshuka.

"Wamejaribu wawili," akasema. "Mmoja kasema kisigino kinateleza. Mwingine kavua, hakusema kitu."

"Pea haikuuzwa?"

"Haikuuzwa."

Nilingoja aanze kuwatukana, kwamba hawajui viatu, kwamba miguu yao mipana. Hakusema. Alikaa, akavuta kipande cha ngozi, akatafuta chaki. Nilitaka kumuuliza anatengeneza nini, nikajizuia, kwa maana kile cha kushoto cha Ijumaa kilikuwa bado kinaniuma. Nikasimama tu nyuma yake nikitazama mkono wake.

Akachora mguu wa kulia.