Taa ya Juu ya Mashine

Kiwandani mke wangu walimwita Chapchap, na jina lilimkaa. Alishona kola za mashati kwa kasi ambayo wenzake waliacha kushindana nayo. Nyumbani alikuwa hivyohivyo: mikono, mdomo, kicheko, vyote mbio. Mimi ni fundi umeme, mtu wa polepole, maana kazi yangu ukiipapatikia inakuua. Alizoea kunitania kwamba hata mazishini kwangu nitachelewa kufika.

Kisha kiwanda kikaleta taa. Kila mashine ilifungiwa kitaa chekundu juu ya mlingoti mrefu, upande wa kushoto. Mafungu ya kola yakirundikana mezani kwako, msimamizi anabonyeza kitufe ofisini, taa inawaka, na ukumbi mzima unajua ni nani anayewachelewesha. Hakuna anayekutukana. Afadhali wangetukana.

Alianza kula amesimama. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na sisi tukaicheka. "Mama, kiti hakina miiba," binti yetu alimwambia. Baadaye usingizi ukampaa. Akawa anatia chumvi mara mbili, anasahau jina la shangazi yake mwenyewe, anaanza kusema kitu kisha anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomwibia maneno. Dada yangu alikuja kutusalimia, akasema, "Wifi anadeka tu." Nilimwambia amalize chai yake aende zake.

Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi sare yake, akakiona kile kitaa cha pasi kikiwaka. Aliiacha pasi palepale juu ya nguo, akakimbilia uani akitetemeka mwili mzima. "Nimechelewa, nimechelewa." Sare iliungua, na kazini hakurudi tena.

Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka, nikampenda kwa hilo. "Ubongo una kengele yake ya hatari," alinieleza. "Ikipigwa kila siku kwa muda mrefu, inazoea kulia hata pasipo na hatari. Na ile sehemu inayotunza kumbukumbu nayo inaumia."

"Sasa inazimwaje, daktari?"

"Ingekuwa waya ningekuachia wewe, fundi. Dawa zitasaidia, mazungumzo yatasaidia, na akae mbali na kinachoiwasha. Wengi hupata nafuu. Lini, siwezi kukudanganya."

Nilirudi nyumbani nikafanya ninachokijua. Nilichukua tepu nyeusi ya umeme nikaziba kila kitaa: cha pasi, cha friji, cha televisheni, cha chaja ya simu. Sasa nyumba yetu haina hata nukta nyekundu. Dawa anameza, kutetemeka kumepungua, lakini hasemi. Anashinda kitandani akikunja ncha ya shuka na kuikunjua, akiinyoosha kwa kucha kama kola. Majengo mazima nimeyarudishia umeme, na mke wangu niko naye chumba kimoja na simfikii. Naumia, sifichi. Ninachotaka ni anitanie tena, hata kama ni kwa maneno machafu.

Mwezi uliopita binti yetu akapata kazi. Kiwanda kilekile, ukumbi uleule. Nilifoka mpaka majirani wakazima redio wasikilize.

"Baba, nitajie kwingine wanakoajiri," alisema.



Jana alirudi, akapakua chakula, akaanza kula amesimama, macho mlangoni. Nikamgeukia mke wangu pale kitandani, na nikajua kwamba naye ameona.

Aliinuka polepole, akaufungua mkoba wangu wa vifaa, akatoa tepu nyeusi. Aliiweka kwenye kiganja cha binti yetu na kukifumba kwa mikono yake miwili.

"Iko juu, kushoto," alisema. "Panda kwenye kiti utaifikia. Izibe kabla hawajakuona."

Sauti ile nilikuwa nimeisubiri kama mgonjwa anavyosubiri kuche, na ilipokuja sikuweza kuifurahia. Binti yetu alijua, nami nilijua, kwamba anayeigusa taa ile anafukuzwa siku hiyohiyo.

"Sawa, mama," alijibu. Aliitia tepu mfukoni, akavuta kiti, akakaa, akatafuna taratibu huku mama yake akimtazama.

Mama yake alipogeuka kurudi kitandani, binti yetu aliinuka tena, akamalizia kula amesimama.