Warushaji Watatu wa Baba

Baba yangu alitengeneza lifti kwa miaka thelathini na moja. Mafundi wenzake walimwita Mzee wa Juu, maana kazi yake kubwa ilikuwa kusimama juu ya paa la lifti, ndani ya shimo lenye giza, mikono imeinuliwa, akikaza nati zilizo juu ya kichwa chake. Nyumbani tulimcheka kwa tabia moja: alishukuru kila kitu. Ukimsogezea chumvi, asante. Basi likifika kituoni, asante. Mama alisema ipo siku ataishukuru hata mvua iliyomlowesha.

Kisha bega la kulia likamgomea. Hakuanguka wala hakugongwa. Asubuhi moja alinyanyua kikombe cha chai, kikamponyoka. Daktari akamwambia kano za bega zimechanika, tena si leo wala jana; zilikuwa zikilika kidogo kidogo kwa miaka. Akapasuliwa, akaamriwa akae nyumbani miezi minne.

Mama akawa anamfungia vifungo vya shati kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mafundi wenzake wakagawana majengo yake ili nafasi yake isichukuliwe na mtu mwingine. Na mimi, mwalimu wa hesabu, nilikuwa likizo. Utoto wangu wote baba aliondoka tukiwa bado kitandani. Sasa nilikuwa naye sebuleni kutwa nzima, na moyoni nililishukuru lile bega, ingawa nisingethubutu kumwambia.

Mama mdogo, ambaye kazi yake ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, ndiye aliyeleta gemu. Ilikuwa mashine iliyokwisha kutumika, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu: besiboli.

"Shemeji, vidole navyo vitaganda," alisema. "Shika hii pedi ya kuchezea, bonyeza vitufe."

"Mchezo gani huu?"

"Mtu anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo. Mengine utajifunza mwenyewe."

Alijifunza. Baada ya wiki alijua kwamba mechi ina vipindi tisa, na kwamba mrushaji ndiye roho ya timu. Alijua pia kwamba unaweza kukaa kama kocha, ukapanga nani arushe lini, kisha ukaiacha mashine icheze yenyewe msimu mzima, mechi mia moja sitini na mbili, ikakuletea matokeo. Hapo ndipo aliponasa. Chini ya jina la kila mrushaji palikuwa na mstari wa kijani unaoonyesha nguvu za mkono wake. Kadiri anavyorusha, mstari unafupika, unageuka njano, kisha mwekundu. Desturi ya mchezo ni kumwacha mrushaji mmoja aende vipindi sita au saba, mpaka achoke.

"Anaumia huyu," baba alisema, akiutazama wekundu ule.

"Baba, ni katuni."

"Najua ni katuni. Lakini aliyeitengeneza anajua habari za bega."

Siku mbili alichorachora kwenye karatasi. Ya tatu akaniita. Alikuwa amewagawa warushaji wake kumi na wawili katika makundi manne ya watu watatu. Kila mechi ingekuwa na kundi lake, na kila mtu angerusha vipindi vitatu tu, hata kama amewasha moto. Akimaliza, anapumzika mechi tatu zinazofuata.

Mashine haikupenda. Kila alipopanga mrushaji hodari atolewe mapema, onyo lilitokea: je, una uhakika?

"Nina uhakika, mwanangu," baba aliijibu, akabonyeza. "Asante kwa kuuliza."

Kwa mtindo wa kawaida timu yake ilikuwa imeshinda mechi sabini na moja. Kwa mtindo wake ikashinda themanini na nne. Akaruka kwenye kochi, mama akamkemea kutoka jikoni kwamba bega halijapona.

"Msimu mmoja hautoshi," nikamwambia. "Huenda ni bahati tu. Tujaribu mara tatu kila mtindo, timu ileile, tuandike."

Tukaandika. Mtindo wa kawaida: sabini na moja, sabini na tano, sitini na tisa. Mtindo wa baba: themanini na nne, sabini na nne, themanini na sita. Mimi niliangalia ushindi, nikasema matokeo ni mazuri ingawa msimu wa kati umetuangusha. Yeye hata hakunisikia. Kidole chake kilikuwa kwenye safu nyingine kabisa, ya majeruhi. Kwa mtindo wa kawaida warushaji walioumia mkono walikuwa tisa katika misimu mitatu. Kwa mtindo wake, wawili.

"Saba," alisema polepole. "Watu saba wamebaki wazima." Macho yake yalikuwa na machozi. Safari hii sikumwambia ni katuni.

Aliporudi kazini hakuruhusiwa tena kupanda. Alipewa kazi ya kukagua vipuri, na siku ya kwanza tu akaenda kwa msimamizi na karatasi yetu. Walikuwa wanaanza jengo lenye lifti sita. Alitaka kila fundi akae juu saa moja, kisha ashuke afanye kazi ya chini, apande mwingine.

"Umeitoa wapi hii, Mzee wa Juu?"

"Kwenye gemu."

Karakana nzima iliangua kicheko. Msimamizi alicheka mpaka akafuta miwani. Lakini alikuwa mtu mwenye masikio. "Jengo hili moja tu," alisema. "Tukichelewa, nitakuuliza wewe."

Walichelewa siku mbili. Msimamizi alinung'unika, akatazama daftari la wagonjwa, akakuta halina jina hata moja kwa kazi yote ile. Jengo lililofuata hakuna aliyeomba ruhusa. Zamu za saa moja ziliendelea tu. Kuchelewa nako kukaisha, maana mafundi walizoea kupokezana.

Bega la baba halikurudi kama zamani. Hawezi kufikia rafu ya juu, na shati bado anafungiwa kifungo cha mwisho. Nilimuuliza kama hasikitiki. Akasema anasikitika, ndiyo, hasa akisikia drili ikilia juu. "Lakini nilipumzishwa na watu, mwanangu. Wenzangu walibeba majengo yangu bila kuombwa. Ningekosa adabu kununa."

Mwezi uliopita simu ya mama iliita tukiwa mezani Jumapili mchana. Alikuwa mke wa fundi mmoja wa zamu zile wanayemwita Kimya, aliyekuwa akificha maumivu ya bega mwaka mzima, hata kuchana nywele ilikuwa tabu. Mama akaweka simu sauti ya juu.

"Mwambie shemeji," mke wa Kimya alisema, "leo mume wangu ametundika mapazia. Yote. Mwenyewe. Nimekaa tu hapa nayatazama."

Baba aliweka kijiko chini, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasahau kusema asante.